Namna ya kuwafanya wafanyakazi wa mgahawa wakae: mwongozo kwa mwenye mgahawa mdogo

Ukitaka kujua mgahawa unaendeshwaje, muulize mhudumu mkongwe kuliko wote pale ana muda gani. Mara nyingi atakutajia miezi, si miaka. Bosi naye ukimuuliza atalaumu vijana wa siku hizi: hawana subira, akiongezewa elfu kumi kwa jirani anahama. Hilo la elfu kumi lina ukweli, lakini kidogo. Mtu mwenye uhakika na kazi yake haikimbilii elfu kumi ya mahali asipopajua. Anayekimbia ni yule asiyejua mshahara utaingia lini, atakatwa nini, na kesho anaingia saa ngapi. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo matatu. Fulana, keki ya kuzaliwa na picha ya mfanyakazi bora ukutani vinaweza kusubiri, na vingine hata visipokuja hakuna atakayeviulizia.

Ninayemlenga ni mwenye mgahawa wa kawaida wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha: supu na chapati asubuhi, wali na ugali mchana, chipsi na nyama choma jioni, watu 8 hadi 20 kazini. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara, hasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na aliye Mombasa au Kampala aangalie za kwake, ingawa mengine yote yanamhusu vilevile.

Hatua ya 1: Andika walioondoka

Chukua daftari, uorodheshe kila aliyeacha kazi ndani ya mwaka mmoja. Weka jina, kazi aliyokuwa akifanya, siku aliyoanza, siku aliyoondoka, na tukio lililotangulia wiki ileile. Safu ya mwisho ndiyo yenye faida. Usijaze "hana nidhamu" au "mvivu". Jaza kilichotokea: alikatwa shoti (upungufu kwenye hesabu ya mauzo) ya elfu kumi na nane, alinyimwa ruhusa ya msiba, mshahara ulichelewa siku tisa, alibadilishiwa zamu usiku wa kuamkia.

Halafu wapigie simu watatu au wanne kati ya walioondoka. Walio kazini watakujibu "hakuna shida, bosi", kwa sababu kesho wanarudi kwako. Aliyeondoka hana cha kuogopa. Usimuulize kwa nini aliacha, maana kwa heshima tu atakwambia alipata kazi karibu na nyumbani. Muulize ni siku gani aliamua kuondoka. Hapo ndipo utasikia kisa chenyewe.

Ukishamaliza orodha, chagua mmoja, mpishi wako wa pilau kwa mfano, upige hesabu kuondoka kwake kulikugharimu kiasi gani. Deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, uliyemchukua siku zile ulimlipa kwa siku, na kwa siku yuko juu kuliko wa mwezi. Wali ulitoka bokoboko mara mbili. Wateja wa Ijumaa walionja, wakanyamaza, Ijumaa iliyofuata hawakuonekana. Wewe mwenyewe ulisimama jikoni badala ya kwenda sokoni alfajiri, ukanunua vitu kwa bei ya saa nne. Andika shilingi mbele ya kila kimoja. Ukiona jumla, mazungumzo ya nyongeza ya mshahara hayatakuuma tena kama zamani.

Hatua ya 2: Mshahara uwe na tarehe

Anza na kiwango. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara hupanga viwango kwa sekta, na hoteli na migahawa ina viwango vyake. Amri mpya kwa sekta binafsi imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo kama bado unalipa kwa hesabu za zamani, kaa chini urekebishe. Usitumie anacholipa jirani kama kipimo. Jirani naye huenda anakuangalia wewe.

Baada ya kiwango, tarehe. Wenye migahawa wengi hutangaza kwamba mshahara ni tarehe 30, halafu unaingia tarehe 4, mwezi unaofuata tarehe 9, na mwingine unaingia nusu. Kama mauzo yako makubwa ni ya wikiendi ya mwisho wa mwezi watu wanapopokea mishahara, basi mkubaliane malipo yawe tarehe 3, na tarehe 3 iwe tarehe 3 kweli. Mfanyakazi ana kodi ya chumba na ada ya mtoto. Yumo kwenye upatu, na kijumbe anayekusanya michango hataki kusikia habari za bosi. Mshahara mdogo kidogo unaoingia siku inayojulikana una nguvu kuliko mkubwa usiojulikana. Ikitokea kweli mwezi umekuwa mbaya, sema siku tano kabla, taja kiasi kitakachotangulia na siku ya kumalizia. Kuzima simu tarehe 30 ndiko kunakowafukuza watu.

Ukilipa kwa simu, ongeza hela ya kutolea. Ni pesa ndogo kwako, ila kwa mwenye laki mbili inaonekana. Na mpe karatasi, hata nusu ukurasa: mshahara, saa za ziada, makato moja moja, kilichobaki.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, usiikwepe. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na huwezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Wapishi na wahudumu wengi wanazeeka kwenye kazi hii bila hata namba ya uanachama. Atakayeona michango yake inaingia mwezi hadi mwezi ataanza kuhesabu miaka badala ya wiki. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mchango wake ni wa mwajiri peke yake, na siku karai la mafuta ya chipsi litakapompindukia mtu mguuni utajua kwa nini upo.

Kuhusu kukopa: watakuomba, hilo halina mjadala. Usipowapa, wataenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kubwa, na mtu anayedaiwa kausha damu hatulii kazini. Anapokea simu chooni na anatafuta kazi nyingine inayolipa kwa siku. Weka kanuni moja kwa wote. Mimi napendelea hii: kuanzia tarehe 15, mtu anaweza kuchukua hadi theluthi ya mshahara aliokwisha kuufanyia kazi, kwa maandishi, bila riba, na hakopi tena hadi deni liishe. Kumpa mmoja kwa sababu ni wa nyumbani kwenu na kumnyima mwingine ni kuandaa kundi zima la kuondoka.

Hatua ya 3: Maliza habari ya shoti

Hapa ndipo migahawa inapopoteza wahudumu wengi, na ndipo bosi anapoona hana kosa. Utaratibu wa kaunta nyingi uko hivi: mhudumu anaingia asubuhi na pesa yake mfukoni, elfu thelathini hivi. Mteja akiagiza soda na kuku nusu, mhudumu anavilipia kaunta kwanza, anavipeleka mezani, kisha anasubiri mteja alipe. Mteja akiondoka kimyakimya wakati yeye yuko dirisha la jikoni, hasara ni yake. Sahani ikivunjika, yake. Mpishi akisikia "samaki" palipotajwa "sato wa kuchoma", samaki aliyekataliwa ni wa mhudumu. Jioni anafanyiwa hesabu: amefanya kazi saa kumi na moja na ana deni.

Sheria haikubaliani na utaratibu huo. Ili ukate mshahara kufidia hasara, mfanyakazi awe amelikubali deni kwa maandishi, na masharti mengine yatimie: hasara imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, umempa maandishi yanayoeleza chanzo, kiasi na ulivyokipata, umempa nafasi ya kubisha, na deni halizidi hasara yenyewe. Juu ya hayo, jumla ya makato haiwezi kuvuka robo ya ujira wake. Zingatia neno hasara. Sahani ya kuku unayoiuza 12,000 haikukugharimu 12,000. Ukimkata bei ya menyu umemuuzia kuku aliyeliwa na mtu mwingine, tena kwa faida.

Badilisha utaratibu hivi. Ondoa kabisa mtaji wa mhudumu. Oda iandikwe kwenye kitabu chenye nakala: ya kwanza jikoni, ya pili kaunta, ya tatu ibaki na mhudumu. Chakula kisitoke bila karatasi. Kaunta ifanye hesabu mara mbili kwa siku, zamu zinapopishana na wakati wa kufunga, mhudumu akiwepo. Shoti inayogunduliwa saa tisa alasiri inatafutika, kwa kuwa kila mtu anakumbuka meza ya pembeni walikaa akina nani. Ikigunduliwa saa sita usiku inageuka ugomvi.

Kisha tenga mambo matatu ambayo huwa yanatupwa kapu moja. Bahati mbaya, kama glasi kuteleza au mteja kukimbia, ni gharama ya biashara. Iwekee fungu dogo la kila mwezi. Uzembe unaojirudia unazungumzwa, unaandikwa onyo, na ukifika kwenye makato unafuata masharti ya hapo juu. Wizi ni habari nyingine kabisa: unachunguzwa, mtu anasikilizwa, na ukithibitika anaachishwa kwa utaratibu. Ukimkata mwizi mshahara na kumbakiza, waaminifu watajifunza kwamba kwako wizi na glasi iliyovunjika vina bei moja.

Wateja wa kukimbia wana dawa pia. Meza za nje karibu na barabara zilipiwe wakati wa kuagiza. Kundi kubwa lilipe kwa awamu. Usimpe mhudumu mmoja meza nyingi kiasi kwamba hawezi kuziona zote kwa pamoja.

Hatua ya 4: Bakshishi isipotelee kwenye Lipa Namba

Zamani bakshishi ilikuwa noti chini ya sahani. Sasa bili ni 23,000, mteja anatuma 25,000 kwenye Lipa Namba, namba ya mgahawa ya kupokea malipo ya simu, anamwambia dada, "hiyo nyingine yako," anaondoka akijiona kafanya wema. Hela imeingia kwenye namba ya bosi. Jioni inahesabiwa kama mauzo, au inafunika shoti ya mtu mwingine, na dada anaona aibu kuidai. Ikijirudia mara tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, amepoteza pesa inayoweza kuzidi nauli yake ya mwezi.

Kaunta iwe na daftari dogo la zidio. Malipo yanapoingia juu ya bili, keshia anaandika palepale saa, namba ya meza, kiasi na jina la mhudumu, mhudumu anatia saini. Wakati wa kufunga analipwa taslimu, usiku huohuo. Usimwambie atajumlishiwa kwenye mshahara.

Je, jikoni nao wapate? Wanastahili, kwa kuwa mteja alifurahia mchuzi kabla ya kufurahia tabasamu. Lakini usiwapangie wewe. Waite wote, wakubaliane fungu dogo linaloenda kwa wapishi na waosha vyombo, liandikwe, libandikwe ukutani. Bosi na meneja hawamo. Na usithubutu kumwambia mhudumu anayeomba nyongeza kwamba "si unapata bakshishi". Ile ni hela ya mteja.

Hatua ya 5: Zamu zinazohesabika

Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na haziruhusiwi kuzidi 50 ndani ya wiki nne. Kati ya kutoka na kuingia tena ziwepo saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 apate mapumziko ya dakika 60.

Sasa mchukue mpishi wako anayeingia saa 12 asubuhi kuandaa supu na kutoka saa 12 jioni. Toa saa moja ya mapumziko, zinabaki 11. Kwa siku sita ni 66, yaani 21 juu ya kawaida. Kwa wiki nne ni saa 84 za ziada, na kikomo ni 50. Hata ungemlipa kila shilingi, bado uko nje ya sheria. Tufanye mshahara wake ni 390,000. Gawa kwa 195, ambazo ndizo saa za kawaida za mwezi, unapata 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 3,000. Saa 84 ni 252,000. Kwa fedha hiyo ongezea kidogo tu, utaajiri kijana wa supu na chapati, mpishi wako aingie saa nne akiwa amelala.

Mpangilio unaofaa mgahawa wa namna hii ni zamu zinazopandana wakati wa chakula cha mchana: wa supu saa 11 alfajiri hadi saa 8 mchana, wa kati saa 5 asubuhi hadi saa 2 usiku, wa chipsi na nyama saa 9 alasiri hadi saa 6 usiku. Wengine, hasa wanaokaa mbali, wanapenda siku chache zilizo ndefu. Sheria inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, siku za hadi saa 12 pamoja na mapumziko bila kulipa za ziada, mradi zisizidi siku 5 na saa 45 za kawaida kwa wiki. Siku nne za saa 11 ni saa 44, na mtu anapata siku tatu za kuendesha kibanda chake au kulea. Uliza kwanza. Wengine wataipokea kwa mikono miwili, wengine watakwambia miguu haitaweza.

Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Kinachowaumiza zaidi ni usafiri. Mgahawa uko Sinza, mhudumu anakaa Mbagala, mnafunga saa sita. Daladala zimepungua au hazipo, na bodaboda ya usiku inakula alichopata kutwa. Hapo una njia mbili tu za kweli: zamu ya kufunga uwape wanaokaa karibu, au mgahawa ulipie bajaji moja ya dereva mnayemjua iwagawe watu majumbani. Kumwambia "utajua mwenyewe" ni kumwambia atafute kazi nyingine, na kwa dada wa miaka ishirini ni kumweka hatarini.

Ratiba itoke Alhamisi kwa wiki inayoanza Jumatatu, kwenye karatasi ukutani na kwenye grupu la WhatsApp. Kubadilishana zamu wenyewe kwa wenyewe ruksa, ilimradi wote wawili waandike kwenye grupu. Na panga kwa akili siku za ibada: Ijumaa saa saba pilau ndiyo inagombewa, na ndiyo saa Waislamu wako msikitini. Wakristo washike mchana wa Ijumaa, Waislamu washike asubuhi ya Jumapili. Likisemwa wazi na kuandikwa, hutasikia tena "fulani anapendelewa".

Hatua ya 6: Wiki mbili za kwanza

Wengi wanaoondoka mapema hata hawakufukuzwa na chochote kikubwa. Waliingia saa ya mchana wa vurugu, hakuna aliyewaonyesha choo kilipo, wakafokewa kwa kutojua bei ya maini. Mgeni aanze siku isiyo na watu, Jumatatu au Jumanne baada ya saa nane, na umkabidhi kwa mwenyeji mmoja kwa wiki mbili. Mwenyeji huyo mlipe posho ndogo kwa kazi hiyo, atafanya vizuri.

Siku ya kwanza mpe maandishi: kazi yake, kituo, saa, mshahara, tarehe ya malipo, likizo. Sheria inadai hivyo, na makaratasi hayo ndiyo yanayomfanya aone hapa si kijiweni. Gharama za kupima afya, ambazo wahudumu wa chakula hutakiwa kurudia kila miezi sita, zilipe wewe. Sare pia. Mwachie aonje menyu nzima ndani ya wiki hiyo, kijiko kijiko. Mhudumu ambaye hajawahi kuonja kisamvu chako atakiuza vipi?

Na unapotafuta mtu mpya, waulize kwanza walio kazini. Anayemleta mdogo wake au jirani yake anamdhamini kwa jina lake.

Hatua ya 7: Chakula cha wafanyakazi

Wale kabla ya vurugu ya mchana, wakae mezani, wale chakula cha siku hiyo. Si ukoko na mchuzi wa jana. Hii ni hatua ndogo na nafuu kuliko zote, na ajabu ni kwamba ndiyo watu huisimulia kwanza wanapoulizwa kazini kwao kukoje.

Hatua ya 8: Linda heshima yao

Kosa likitokea mbele ya mteja, rekebisha kosa, mfanyakazi mseme baadaye, pembeni. Kumfokea mama wa jikoni mwenye umri wa mama yako mbele ya vijana aliowafundisha kukata vitunguu ni kuwapoteza wote. Mwite mama au dada, umwambie unachotaka. Ujumbe utafika uleule.

Jambo zito zaidi ni wateja wanaowashika wahudumu. Kila anayeendesha mgahawa unaouza bia analijua, na wengi hujifanya hawaoni kwa kuwa mteja anatumia. Tunga kanuni, uisome mbele ya wote: mhudumu akishikwa au akitukanwa, anaondoka mezani mara moja bila kuomba ruhusa, meneja au mhudumu wa kiume anachukua meza ile, mteja anaonywa mara moja, akirudia anapewa bili. Haijalishi ananunua kreti ngapi. Halafu kanuni hiyohiyo ikuguse wewe, meneja wako na mpishi mkuu. Unyanyasaji wa kijinsia kazini sheria inauhesabu kuwa ubaguzi. Penye mazoea ya kupewa zamu nzuri kwa "urafiki", hakuna hatua nyingine ya mwongozo huu itakayofanya kazi.

Hatua ya 9: Pawe na pa kupanda

Anayeosha vyombo leo aone njia: vyombo, kuandaa mboga, msaidizi wa jiko, mpishi. Kila ngazi iwe na mshahara wake unaojulikana na vitu vya kuonyesha. Kwa mfano: msaidizi wa jiko ni yule anayeweza kupika kilo kumi za wali bila kusimamiwa na kukanda chapati za asubuhi nzima. Akiweza, apandishwe mwezi huohuo, asisubiri hisani.

Wengi wa wapishi wetu wamejifunzia jikoni na hawana cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: mtu anapimwa, anapewa cheti. Mpe ruhusa na umchangie ada. Najua unachowaza: nikimpa cheti ataenda hoteli ya Zanzibar, au Oman. Ataenda, ndiyo, baadhi yao. Mshahara wa Muscat huwezi kuushindania na usijaribu. Ila anayejua kwamba kwako atapata cheti atakaa akikisubiri, na wadogo zake watakuja kwako kabla ya kwenda kwa jirani.

Hatua ya 10: Misimu, misiba na likizo

Pwani, Ramadhani inabadilisha kila kitu: mchana hakuna mauzo, futari na usiku ndiko kuna watu. Bosi asiyejipanga huwarudisha wahudumu nyumbani bila malipo, akarudi kuwatafuta sikukuu ya pili. Jipange mwezi mmoja kabla. Likizo ya mwaka ni siku 28 za malipo, na wengi wako wanakudai. Wapeleke baadhi likizo kipindi hicho kwa makubaliano. Waliobaki wafanye zamu ya alasiri na usiku, wauze maharage ya nazi, tambi na kaimati kwa kubeba, na mchana mtumie kupaka rangi na kusafisha mabomba ya moshi.

Msiba una siku 4 za malipo kisheria kwa mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa. Baba mdogo hayumo. Lakini wewe na mimi tunajua baba mdogo ni baba, na mtu aliyenyimwa kwenda kumzika atakwenda tu, na hatarudi. Weka siku mbili za ziada kwa ndugu wengine. Na pale mgahawa unapopika chakula cha msiba wa mfanyakazi wake, hata sufuria moja ya wali, habari hiyo inazunguka.

Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo. Kumwachisha mhudumu mjamzito kwa kisingizio cha sare haimtoshi ni kujitafutia kesi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hatua ya 11: Wasikilize kila wiki, kwa dakika chache

Dakika kumi na tano, Jumatatu alasiri, wamesimama. Maswali mawili yanatosha: nini kilikwamisha wiki iliyopita, na nini kimeharibika. Utasikia kuhusu feni, kisu butu, jiko la mkaa linalotoa moshi upande wa vyombo. Tengeneza kimoja kabla ya Jumatatu ijayo, waone. Usipotengeneza chochote kwa wiki tatu, vunja kikao, maana watakuwa wanakuangalia tu.

Hatua ya 12: Anayeondoka aondoke vizuri

Anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28, kwake na kwako. Akitimiza, mlipe siku alizofanya kazi, likizo aliyokuwa hajaitumia, na cheti cha utumishi, vyote kwa siku mliyokubaliana. Ukiwa wewe ndiye unayemwachisha baada ya mwaka au zaidi, kwa sababu isiyo ya utovu wa nidhamu, kuna kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Usimshikie pesa kwa hasira za kuachwa wakati wa shughuli nyingi. Waliobaki wanatazama anavyolipwa, na kila mmoja anapiga hesabu ya siku yake.

Mwambie pia kwamba nafasi ikipatikana anaweza kurudi, kisha umtafute baada ya miezi mitatu. Aliyehamia kwa jirani kwa ile elfu kumi huwa ameshajua tarehe ya mshahara ya huko. Akikubali kurudi, arudi kwa mshahara wa ngazi yake ya sasa, bila masimango, na jina lake liingie kwenye ratiba ya Alhamisi.